Mwongozo kwa Anayetaka Kutibu Sonona kwa Sahani

Soma kichwa cha habari, kisha ishia hapo. Hili ndilo agizo kuu, na ukilishika sawasawa huna haja na mengine yote. Kichwa kitasema kwamba chakula kinatibu sonona, na chini yake patakuwa na picha ya dada anayecheka peke yake mbele ya bakuli la majani. Usiteremke zaidi. Aya ya tatu ina neno "huenda", aya ya mwisho inasema utafiti zaidi unahitajika, na maneno hayo yameshawaharibia wengi raha zao. Sambaza kwanza kwenye kundi la ukoo. Shangazi zako wakishajibu kwa mikono ya dua, utakuwa umechelewa kujirudi.

Kama una kichwa kigumu na lazima uuone utafiti wenyewe, nenda moja kwa moja kwenye ule unaotajwa na kila mtu. Unaitwa SMILES. Ulifanyika Australia, Geelong na Melbourne, ukiongozwa na Profesa Felice Jacka, na matokeo yakatoka kwenye jarida la BMC Medicine Januari 2017. Watu 67 wenye sonona ya kati hadi kali, ambao pia mlo wao ulikuwa mbovu, waligawanywa kwa kura. Kundi la watu 33 lilipewa mtaalamu wa lishe, na la watu 34 likapewa mtu wa kuzungumza naye. Kila mmoja alikuwa na vikao saba vya takriban saa moja katika wiki 12. Mwishoni, asilimia 32 ya waliofundishwa kula walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya wale wa mazungumzo.

Hapa simama, ushike asilimia, uache idadi. Asilimia 32 inajaza mdomo. Inasemeka vizuri redioni. Mtu mbishi ataichukua asilimia hiyo na kuirudisha kwa watu wenye miguu, na atakuta ni watu 10 kati ya 31 waliofika mwisho upande mmoja, na watu 2 kati ya 25 upande wa pili. Kumi kwa wawili. Wangehama watatu tu ingekuwa 7 kwa 5, na dada wa bakuli la majani asingekuwa na la kuchekea. Watafiti wenyewe walikuwa wamepanga kupata watu 176 na wakaandika wazi kwamba hawakufika. Lakini wewe hukufika kwenye ukurasa huo, kwa hiyo uko salama.

Jambo la pili la kulikwepa katika utafiti huu, na ndilo lenye utamu, ni kile kilichokuwa kikiendelea katika chumba cha pili. Kwenye chumba cha kwanza mambo yanajulikana. Mshiriki anapangiwa nafaka zisizokobolewa, mboga mara sita kwa siku, matunda mara tatu, kunde mara tatu au nne kwa wiki, samaki si chini ya mara mbili, karanga na lozi zisizo na chumvi, na vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni kila siku. Anapewa na kapu la vyakula aende nalo nyumbani, pamoja na mapishi. Anawekewa malengo, anapimwa, anapongezwa. Akirudi wiki inayofuata kuna mtu anayemsubiri kwa hamu ajue kama dengu zimeliwa.

Katika chumba cha pili, mshiriki anaketi na mtu mwema aliyefundishwa kuzungumza naye mambo yasiyo na uzito, kama michezo, habari za siku au muziki. Mazungumzo yakikwama wanacheza karata. Hakuna ushauri wala tiba, na bila shaka hakuna dengu. Sasa mfikirie mtu huyo. Ana sonona, ameusikia mradi wa kuchunguza kama chakula kinasaidia, amejikokota kitandani, amejaza fomu, ameulizwa mlo wake wote mpaka soda, kura imepigwa, na ameambiwa achukue karata. Wa chakula walioondoka kabla ya mwisho walikuwa 2, wa karata 9. Kati ya waliobaki, unadhani ni chumba gani kilichokuwa na matumaini zaidi?

Hili ndilo tatizo la tafiti zote za mlo, na mwongozo huu unakuomba ulisahau kila siku asubuhi. Kidonge kinaweza kufichwa. Unatengeneza kingine kinachofanana nacho, cha unga mtupu, na si mgonjwa wala mpimaji anayejua nani kameza kipi, kwa hiyo matumaini yanagawanyika sawa pande zote mbili. Samaki hafichiki. Hakuna sangara bandia asiye na kitu ndani. Aliyekula anajua amekula, na mwisho wa wiki ya 12 ni yeye anayeulizwa usingizi ukoje, hamu ya kula ikoje, huzuni imepungua kwa kiasi gani. Mpimaji wa SMILES hakujua nani ni wa kundi gani, na hilo ni jambo la kusifiwa, ila majibu aliyokuwa akiyaandika yalitoka kwa mtu anayejua. Mwaka 2018 jarida lilelile lilichapisha barua ya watafiti wengine waliouliza kama namna washiriki walivyotafutwa ndiyo inayoeleza ukubwa wa matokeo yale. Timu ya Jacka ikajibu. Huna haja ya kusoma barua wala jibu. Magomvi ya wasomi hayana picha.

Na ukubwa wenyewe usiutilie shaka. Watafiti wana kipimo kimoja cha kulinganisha nguvu ya tiba mbalimbali, na kwa kipimo hicho SMILES ilipata 1.16. Mwaka 2018 kundi la Andrea Cipriani lilikusanya majaribio 522 ya dawa za sonona yenye watu 116,477, na kwa kipimo hichohicho dawa zilizidi vidonge bandia kwa takriban 0.30. Yaani mchicha na maharage ni karibu mara nne ya dawa za hospitali! Mtu wa kawaida akiona hesabu ya namna hii husema mizani ina hitilafu. Wewe sema viwanda vya dawa vimeumbuka. Usiulize kama watu wa vidonge bandia nao walikuwa wakitumaini kwa nguvu zote huku wa karata wakipiga miayo. Na ukikutana na uchambuzi wa mwaka 2019 wa Joseph Firth na wenzake, uliojumlisha majaribio 16 ya mlo yenye watu zaidi ya 45,000 na kupata nafuu ndogo, takriban 0.28, tena karibu wote wakiwa watu ambao hawakuwa na sonona iliyothibitishwa na daktari, ufunge taratibu kama mlango wa chumba alicholala mtoto.

Wakati mwingine kundi la kulinganisha halikupewa hata karata. Mwaka 2019, tena Australia, vijana 76 wa miaka 17 hadi 35 walishiriki jaribio la wiki tatu. Nusu walionyeshwa video ya dakika 13 ya mtaalamu wa lishe, wakapewa vyakula na kuambiwa watumie pia manjano na mdalasini. Nusu nyingine waliambiwa waendelee na mlo wao wa siku zote, tukutane mwisho. Wenye manjano walijisikia vizuri zaidi. Ukiwa na duka la viungo Darajani, utafiti huu ubandike ukutani.

Twende kwa samaki, maana huko tuna maslahi sisi watu wa pwani. Mwaka 1998 Joseph Hibbeln aliandika katika The Lancet ukurasa mmoja ambao haujaacha kunukuliwa. Alichukua nchi, akaweka upande mmoja kiasi cha samaki wanaoliwa na upande wa pili kiwango cha sonona, akachora mstari. Japani, samaki wengi na sonona haba. New Zealand, samaki wachache na sonona tele. Mstari umenyooka kama mlingoti. Mwongozo unakusihi usiulize Mjapani wa wakati ule alikuwa tayari kiasi gani kumwambia mgeni mwenye dodoso kwamba moyo wake umezama. Usiangalie pia kwamba katika mwaka huohuo wa 1998 waliojiua Japani walipita 30,000. Na kama mlo wa samaki peke yake ungetosha, soko la Feri pale Dar es Salaam lisingekuwa na mtu hata mmoja wa kununa, na yeyote aliyewahi kushindania bei ya changu pale saa kumi na mbili asubuhi ana ushahidi wake.

Walipojaribu mafuta ya samaki kwenye vidonge, ambavyo vinaweza kufichwa, mstari ulilegea. Wachambuzi wa Cochrane walipitia majaribio ya omega-3 kwa watu wazima wenye sonona mwaka 2015 na tena 2021, wakasema nafuu inayoonekana ni ndogo kiasi kwamba mgonjwa huenda asiihisi, na kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu. Marekani wakatoa gramu moja ya omega-3 kwa siku, au kidonge bandia, kwa watu 18,353 wa miaka 50 na kuendelea, kwa zaidi ya miaka mitano. Sonona haikuzuilika; waliomeza mafuta hata walizidi kidogo kuipata. Watu haohao walijaribiwa na vitamini D: hakuna tofauti. Sasa mbona kila siku tunasoma kwamba wenye sonona wana upungufu wa vitamini D? Vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi ikipata jua, na mwenye sonona hatoki nje. Hayo ni maelezo yanayochosha. Nunua kopo.

Kuna swali la nani kala nini, ambalo kwa bahati nzuri halina jibu. Tafiti kubwa za mlo hutegemea dodoso: katika miezi 12 iliyopita ulikula mboga za majani mara ngapi, kipande cha ukubwa gani, na mafuta kijiko au nusu? Mwanamume wa Kizungu anayekula kwenye sahani yake peke yake tayari anabahatisha. Mlete mtu wa Pangani anayekula sinia moja na wageni watatu, mkono wa huyu unamsogezea yule nyama, mama mwenye nyumba amekula jikoni akionja, na mtoto amepita na kachori. Mwambie akadirie gramu. Atakupa jibu kwa adabu, kwa sababu umekuja na karatasi na hataki urudi mikono mitupu. Jibu hilo litaingia kwenye kompyuta na kutoka likiwa na nukta na desimali mbili, na hapo litakuwa sayansi.

Hata waliokumbuka vizuri wana fumbo lao. Mwaka 2009 watafiti waliowafuatilia watumishi wa serikali 3,486 wa London walionyesha kwamba wale ambao mlo wao ulikuwa wa vitu vya kukaanga, nyama za kusindikwa na vitamutamu walikuwa na dalili za sonona zaidi miaka mitano baadaye. Ni utafiti mzuri, na wenyewe walijitahidi kuondoa athari za umri, kipato, sigara na mengineyo. Lakini mtu aliyewahi kukaa nyumba moja na mgonjwa wa sonona anajua mambo yanavyoanza. Kwanza sufuria haibandikwi. Kisha ni chai na mkate, chai na mkate, halafu chipsi za barabarani zikiwa zimepoa. Ugonjwa unaweza kuingia jikoni muda mrefu kabla ya kuingia kwenye faili la daktari. Mwongozo unashauri uchague mwelekeo mmoja wa mshale na kuushikilia.

Kukitokea jaribio kubwa lililoshindwa, litafutie waliofaulu ndani yake. Ulaya, mradi wa MooDFOOD uliwachukua watu 1,025 wenye uzito uliozidi na dalili nyepesi za sonona katika Ujerumani, Uholanzi, Uhispania na Uingereza, ukawapa virutubisho, au vikao vya kubadili tabia za kula, au vyote viwili, kwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka mwaka 2019: hakuna kilichozuia sonona. Ila waliohudhuria vikao vingi, kati ya hadi 21 vilivyopangwa, walionekana kunufaika. Hilo ndilo la kunukuu! Usimsikilize mkorofi atakayekukumbusha kwamba anayezama kwenye sonona ndiye anayeanza kukosa vikao.

Mpaka hapa msomaji mwerevu ameshaanza kutabasamu upande, akidhani mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wajinga wengine. Yeye haamini chochote: chakula ni chakula, sonona ni sonona, hizo ni porojo za wauza unga wa mlonge. Naye ana sura yake humu, kwa sababu kutoamini kila kitu ni uvivu uleule uliovaa tai.

Mwaka 1995 hadi 1997, Dar es Salaam, wanawake wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI waliingia katika jaribio la vitamini. Ulikuwa wakati ambao dawa za kufubaza virusi hazijawafikia. Wengine walipewa vidonge vya vitamini mchanganyiko, yaani kundi la B, C na E, wengine vitamini A, wengine vidonge bandia, na hakuna aliyejua kameza nini. Matokeo kuhusu hali ya akili yalichapishwa mwaka 2007. Waliopata vitamini mchanganyiko walikuwa na hatari ya dalili za sonona iliyopungua kwa zaidi kidogo ya moja ya tano. Vitamini A haikufanya kitu. Vidonge vilifichwa, watu walikuwa wengi, na swali liliulizwa kwa wanawake ambao miili yao ilikuwa inadai kwelikweli, kwa ujauzito na kwa ugonjwa. Ni ajabu kwamba utafiti huu, uliofanyika kwetu, hausambazwi kwenye makundi ya ukoo, ilhali ule wa manjano wa vijana wa Australia unatufikia kila mwezi. Nadhani kosa lake ni kutokuwa na bakuli.

Na pelagra je? Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliacha kupata karanga kwenye mgao wao, wakabaki na mahindi. Zaidi ya watu 18,000 waliugua. Ugonjwa huo hutokana na kukosa niasini, vitamini mojawapo ya kundi la B, na hauishii kwenye ngozi na tumbo. Huleta pia huzuni, kuchanganyikiwa na usahaulifu, na mgonjwa akirudishiwa niasini hupona. Hapo chakula ni dawa bila mabano wala "huenda". Kwa hiyo unapoambiwa kirutubisho fulani kimetibu sonona, swali lenye manufaa ni kama waliotibiwa walikuwa wamepungukiwa nacho. Kumwongezea aliyejaa hakumfanyi acheke. Wale Wamarekani 18,353, kwa sehemu kubwa, hawakuwa na njaa ya vitamini D.

SMILES nayo ilichagua watu wenye mlo mbovu tangu mlangoni. Aliyekuwa tayari anakula dona, maharage na mchicha asingeruhusiwa kuingia. Hilo linasahaulika kila utafiti ule unapotumika kumuuzia mafuta ya zeituni ya Shilingi nyingi mtu ambaye mama yake hakuwahi kupika kitu kingine isipokuwa kunde na samaki. Kwa haki yao, wale watafiti walipiga hesabu ya gharama na kukuta mlo wao ulikuwa nafuu kuliko ule waliokuwa wakiula washiriki kabla, dola 112 za Australia kwa wiki badala ya 138. Hiyo ni kwa bei za Melbourne. Kwenye rafu za duka kubwa la Masaki hesabu hiyo hugeuka kichwa chini miguu juu.

Kama hata baada ya haya bado unataka kuifuata SMILES, ifuate yote. Tafuta mtaalamu wa lishe mwenye leseni akupe saa moja, mara saba. Mwombe akupelekee kapu nyumbani. Kabla ya hapo daktari awe amekupima na kusema kweli ni sonona, si uchovu wa mwezi wa Ramadhani au kufiwa. Na lile ambalo halijawahi kuingia kwenye kichwa cha habari: washiriki wengi wa SMILES walikuwa tayari kwenye dawa, au ushauri nasaha, au vyote viwili. Chakula kiliongezwa juu ya tiba. Hakuna aliyeambiwa atupe vidonge vyake chooni ili manjano yafanye kazi.

Anayekuambia uache dawa utamjua, maana ana unga wa kuuza na ana simu yenye picha ya utafiti, amekuza zile asilimia kwa vidole viwili. Mwache amalize. Kisha mwulize kwa upole lile kundi lingine lilipewa nini. Akikujibu, "Kundi gani?", mwitie bodaboda, na nauli umlipie wewe.